Mwalimu Aliyeonja Sabuni

Alikuwa anaonja sabuni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa kwetu wanalolikumbuka kwanza. Mtaje Mwalimu wa Sayansi mbele ya mtu yeyote aliyekuwa mkubwa miaka ile, atatoa ncha ya ulimi na kucheka, na wote waliokaa hapo watajua anasemwa nani. Alikuwa anakwangua sabuni kwa ukucha, anaigusisha ulimini, anafumba macho kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza. Kisha anatema pembeni na kutoa hukumu. Akisema "Inauma," ujue kostiki imezidi, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Akisema "Imelala," ujue mafuta yamezidi, na sabuni hiyo itateleza mkononi bila kutoa uchafu. Kama imekaa sawasawa hakusema kitu. Alijifuta mdomo kwa pindo la kitenge akaendelea na shughuli nyingine, na sisi tulijua hapo ndipo tumesifiwa.

Watoto walimwita Mla Sabuni. Alijua, wala hakukasirika. Siku moja alimkuta mtoto wa darasa la tatu akimwigiza nyuma ya choo cha shule, macho kafumba, ulimi nje, wenzake wanakufa kwa kicheko. Akasimama akamtazama mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Umefumba macho mapema. Kwanza unaonja, ndipo unafumba." Akaenda zake.

Sitaandika alizaliwa wapi wala mtoto wa nani. Maneno yapo mengi. Wengine walisema ni mtu wa visiwani huko ziwani kwa sababu alikula samaki na kichwa chake, wengine walisema ni wa Pwani kwa sababu Kiswahili chake hakikuchanganyika na Kikurya hata akiwa na hasira. Yeye mwenyewe akiulizwa kwao ni wapi, alijibu kwamba kwao ni pale alipopangiwa kazi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa alikuwa amepangiwa kwetu, upande wa Nyamwaga, kwenye shule ya msingi iliyoezekwa bati nusu na nyasi nusu. Asubuhi alifundisha sayansi na hesabu. Mchana, watoto wakishaondoka, alifundisha akina mama elimu ya watu wazima, na akina mama wakishafunga madaftari walihamia nyuma ya jengo kupika sabuni.

Mimi niliingilia hapo kwenye sabuni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jina langu halikurudi na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, nikabaki nyumbani kumsaidia mama kupalilia migomba na kuota ndoto za mchana. Nilikuwa naota kiwanda. Nilishakiona chote: bomba la moshi, wasichana waliovaa kofia nyeupe, sabuni zenye harufu ya maua zimefungwa kwenye karatasi yenye picha yangu. Tulichokuwa nacho kweli ni pipa lililokatwa nusu, mafiga, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kibanda cha kukaushia. Nilipomweleza Mwalimu ndoto yangu hakucheka. Aliniuliza kiwanda hicho kitakula mafuta kiasi gani kwa siku. Sikujua.

"Basi ota tena kesho, Bhoke," akasema. "Na safari hii uote na mafuta."

Hesabu zake hakuzifundisha kwa maneno ya kitabuni. Alizifundisha kwa vitu vya kijijini, na kama kitu chenyewe kinachekesha alikuwa anakitumia bila huruma. Siku ya kutufundisha mafuta na kostiki alituuliza: ghala la kijiji lina majembe kumi na mipini saba, je, shambani watalima wangapi? Aliyejibu ni Mama Wegesa, mjane aliyekuwa mtunza pipa letu na ufunguo wa kibanda, mtu wa maneno machache sana.

"Watalima saba," akasema. "Watatu watakaa kivulini waseme wanasubiri mipini."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu, maana wale watatu tuliwajua kwa majina. Mwalimu akasubiri tumalize. Akasema ndivyo ilivyo ndani ya pipa pia. Kilichopungua ndicho kinachoamua. Ukiwa na mafuta kidogo, hata umwage kostiki ya wilaya nzima, sabuni itakoma mafuta yatakapokoma, na ile kostiki iliyobaki bila kazi haitakaa kivulini kama wale mabwana, itakula mikono ya watu. Kila kilo kumi za mafuta yaliyochujwa alitupimia kostiki kilo moja na nusu kasoro kidogo, na ile kasoro kidogo aliilinda kama jicho. Alisema afadhali mafuta yasalie kidogo kuliko kostiki isalie, kwa sababu mafuta yakibaki ngozi inashukuru.

Somo hilo lilihakikishwa siku asiyokuwepo. Alikuwa amekwenda Tarime kufuata chaki. Katibu wa kijiji akapita, kijana mwenye bidii na sauti kubwa, akauliza tunaweka kostiki kiasi gani, tukamwambia, akatuagiza tuweke mara mbili ili uzalishaji uongezeke mara mbili. Tuliweka. Agizo ni agizo. Mche wa kwanza ulimchuna mke wa mtu viganja vyote viwili. Mwalimu aliporudi akakwangua, akaonja, na ulimi ukavimba hapohapo akashindwa kusema. Akaandika ubaoni neno moja: "Nani?" Tukamwambia. Akauchukua mche ule, akaenda nao ofisini kwa Katibu pamoja na beseni la maji, akaviweka mezani, akamwonyesha kwa ishara: nawa. Katibu akasema ana kikao. Ulimi ulipopona alirudi kumwambia kwamba asituletee tena agizo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulinawia. Sabuni ile hatukuitupa. Tuliiyeyusha upya, tukaiongezea mafuta mpaka ikaacha kuuma. Hakuna kilichotupwa mbele ya yule mama Mwalimu.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Chai yake aliitia sukari kwa kukadiria, na wakati sukari ilikuwa shida kupatikana, tulikuwa tunafumba macho kwa uchungu. Ugali wake ulikuwa aibu. Siku moja laini kama uji, siku nyingine mgumu kiasi kwamba mama yangu, aliyemheshimu sana, alisema chinichini lakini nikasikia kwamba huu ungefaa kuziba ufa wa pipa. Kipindi cha asubuhi alichelewa mara kwa mara, akaja mbio huku kilemba kinafunguka, na mwanafunzi aliyechelewa nyuma yake alichapwa na mwalimu wa zamu huku yeye akipita anaangalia pembeni.

Kingine, aliogopa ng'ombe. Fikiria, kuishi kwetu na kuogopa ng'ombe. Kundi likipita alikuwa anajibanza kwenye ukuta wa darasa, amekumbatia vitabu, na wachungaji wenye umri wa meno ya maziwa wanamwambia, "Mwalimu, huyu ni ndama tu." Halafu mtu huyohuyo mwenye kuogopa ndama hakumwogopa mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Nimewahi kumwuliza inakuwaje. Akasema ng'ombe huwezi kumwelewesha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo kwa sababu yake nimeshika kalamu.

Sabuni ilikuwa imeadimika nchi nzima. Duka la kijiji lilikaa na rafu tupu na picha ukutani. Aliyetaka mche wa sabuni aliufuata ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na aliyekamatwa nao njiani aliitwa mlanguzi, neno ambalo siku zile lilikuwa zito kuliko mwizi. Ndiyo maana pipa letu likawa jambo kubwa. Wilayani wakasikia habari zetu, wakatuletea kopo kubwa la kostiki pamoja na maelekezo: kila kilo ya mafuta itoe kilo moja na nusu ya sabuni. Mwalimu alisema maelekezo hayana kosa. Mafuta yakiwa safi, kostiki ikiwa kavu, ukahesabu na maji yanayobaki ndani ya sabuni, ndivyo hesabu inavyotoka. Akaiandika ubaoni, akapiga mstari chini yake. Akatuambia kilicho juu ya mstari ni ahadi, na chini ya mstari tutaandika kile pipa litakachotoa, na mtu mzima hachanganyi hivyo viwili.

Kopo lile Katibu alikuwa amelipokea kwa heshima mno. Aliliweka juu ya meza ofisini, akaliondolea mfuniko ili wageni na wanakijiji wayaone maendeleo kwa macho yao, akaweka na maua pembeni. Likakaa hivyo wazi kipindi chote cha masika. Nawaambia watu waliingia kuliangalia kama wanaaga maiti. Tulipokuja kukabidhiwa, kostiki ilikuwa imelowa na kugandamana. Mwalimu alichungulia ndani akashika kiuno.

"Imekunywa hewa," akasema. "Uzito umo, nguvu haimo."

Katibu alikuwa amesimama hapo. Nadhani ugomvi ulianzia pale.

Na mafuta nayo yalikuwa na habari yake. Kwetu nyama ikigawanywa, mwanamke hasogei. Wanaume wanachinja, wazee wanagawa, na kila sehemu ina mwenyewe: nundu ya wazee, mbavu za fulani, na kadhalika. Mwalimu alikuwa amewaomba wazee watuachie mafuta ya tumboni, wakakubali kwa ahadi ya kupewa sabuni. Mafuta hayo yalipimwa kulekule machinjioni, mizani imening'inizwa kwenye mti, Katibu anaandika. Yalipimwa yakiwa mabichi, na utando wake, na damu yake. Ndipo yakaletwa kwa Mama Wegesa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuyapima, kwa sababu mizani ilikuwa upande wa wanaume.

Basi katika mapishi ya kostiki ile mpya Katibu alikuwa na kilo arobaini za mafuta kwenye karatasi. Kwa maelekezo ya wilaya, tulitakiwa kutoa kilo sitini za sabuni. Sisi tulitoa kilo thelathini na nane, na yenyewe ilikuwa imelala, inateleza. Katibu alitoa hesabu yake, akaona zaidi ya kilo ishirini hazipo, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ziko wapi? Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na jibu. Mama Wegesa kauza Sirari. Mwenye ufunguo ni nani? Ni yeye. Mjane anakula nini? Ikasemwa Landrova itakuja kumchukua kumpeleka Tarime, na pipa letu litachukuliwa na vijana wa kiume ambao wangelisimamia vizuri zaidi.

Mama Wegesa alikuja shuleni akaweka ufunguo mezani kwa Mwalimu. Alikaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni.

"Nimezika mume na watoto wawili katika kijiji hiki," akasema. "Mwizi sijaitwa hata siku moja."

Mwalimu akaurudisha ufunguo mkononi mwake, akamfumba vidole.

Katibu hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo. Alikuwa na wakubwa juu yake nao walitaka ripoti. Alimwita Mwalimu pembeni akampa njia mbili. Aandike kwamba zimetoka kilo sitini, kisha mambo yaishe kimyakimya. Au, kama hataki, amtaje mwizi. Mwalimu akauliza, hakuna njia ya tatu? Katibu akasema ya tatu ni ipi. Akasema ya tatu ni kupika.

Wiki ile kijiji kilikuwa kichinje fahali kwa ajili ya sikukuu ya wakulima. Mwalimu akaenda kwenye kikao cha kijiji akaomba mafuta ya fahali huyo yapikwe mbele ya watu wote, na mizani iwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Wazee wakanung'unika. Mzee aliyekuwa mkubwa wa machinjio, mwenye fimbo na sikio moja lililochanwa na ng'ombe zamani, akamwuliza tangu lini wanawake wanasogea kwenye nyama.

"Sitaki kusogea, tata," Mwalimu akamjibu. "Mizani ndiyo isogee."

Tata ni baba kwa Kikurya. Ndilo neno pekee la Kikurya nililowahi kumsikia akilitumia, na alilitumia siku inayofaa. Mzee akatafakari. Hakuona mila iliyokataza mizani kutembea.

Tulipika. Watu walijaa kama mnadani. Wanaume wakapima mafuta mabichi kule kwao: kilo kumi. Katibu akaandika. Mizani ikabebwa ikaletwa kwetu. Kabla hatujatia kitu kwenye pipa Mwalimu akaomba tupime tena, na mshale ukasimama kabla ya kumi, nusu kilo imepungua. Katibu akamtazama Mama Wegesa, lakini Mama Wegesa alikuwa amekaa mikono mapajani, hajagusa kitu. Mzee wa machinjio akakohoa.

"Hiyo ni yetu," akasema. "Tukishapima huwa tunachoma kidogo. Ni haki ya mwenye kisu."

Hata Katibu hakuwa akilijua hilo, maana wakati wa kuchoma alikuwa ameshaondoka na karatasi zake. Watu walicheka, na mzee naye akacheka bila aibu, kwa kuwa kweli ilikuwa haki yake tangu enzi za babu yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tukayeyusha. Tukachuja kwa gunia safi. Utando na makapi vikabaki juu, mbwa na wazee wakaanza kuvitazama. Mafuta safi yakawekwa kwenye mizani: kilo saba. Kumi za asubuhi zimekuwa saba na sabuni bado haijaanza. Mwalimu akaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa shule kwamba ahadi sasa si kilo kumi na tano tena, ni kilo kumi na nusu. Tukapima kostiki, na safari hii alitumia kidogo tuliyokuwa nayo ya zamani, kavu, iliyofungwa kwenye chupa. Tukakoroga kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, sabuni ikashika, tukamimina kwenye vibao. Tulikwangua pipa, tukakwangua mwiko, tukakamua gunia. Tukapima vyote. Zikatoka kilo tisa na nusu.

Hapo kukawa na minong'ono, maana hata kwa ahadi ile mpya bado kilo moja haikuwepo. Katibu akaona mlango. Akasimama akauliza kwa sauti ile yake kwamba Ndugu Mwalimu atueleze, hii kilo moja iko wapi? Mwalimu akasema maji mengine yametoka kwa mvuke, na kidogo kimeshika pipani na kwenye gunia pasipokwanguka.

"Na vyote hivyo ni kilo nzima?"

"Sijui," akasema Mwalimu.

"Kwa hiyo mwalimu wa sayansi hajui."

"Sijui, Ndugu Katibu. Lakini kutojua kwangu si wizi wa mtu mwingine."

Nilikuwa nimesimama karibu na pipa, moshi machoni, na mpaka leo sijui kama machozi yale yalikuwa ya moshi. Katibu alitaka kuendelea, ila mzee wa machinjio akamnyooshea fimbo.

"Mura, kaa chini," akamwambia, kama anavyoambiwa kijana yeyote. "Hapa tuko kijiji kizima, tumetoa macho tangu asubuhi, na imepungua. Taja aliyeiba."

Hakuna aliyetajwa. Landrova haikuja. Pipa lilibaki kwetu na ufunguo ukabaki kwa Mama Wegesa, na wazee tangu siku hiyo wakawa wanatuachia mizani ipite baada ya wao kuchoma chao.

Kama ningekuwa natunga, ningeishia hapo. Lakini ripoti ilikuwa bado inatakiwa, na Katibu aliihitaji na sahihi ya mwalimu, nayo ilisema sitini. Mwalimu akakataa. Akaitwa kwa afisa mmoja, akakataa. Akaambiwa vijiji vingine vyote vimefikia lengo, iweje cha kwake tu. Tunavyosikia alijibu kwamba basi vijiji hivyo vitugawie sabuni, maana kwetu watu bado wananuka. Baada ya likizo uhamisho wake ukatoka: Machochwe, huko wilaya ya Serengeti, pembeni kabisa ya hifadhi. Alipanda lori la mahindi na sanduku lake moja na godoro. Akina mama walilia. Yeye aliyekuwa anahama ndiye aliyetuuliza kama tumekwishageuza vibao vya sabuni, maana jua lilikuwa kali upande mmoja.

Tuliendelea kupika. Niliendelea pia kuota, ila sasa naota na mafuta. Mama Wegesa aliendelea na ufunguo mpaka mwaka jana alipougua kifua na kufariki, na siku ya mazishi yake wazee walisimama wakasema alikuwa mtu mwaminifu. Walisema hivyo hadharani. Nilihesabu hilo kuwa kitu.

Mwezi uliopita nimekwenda Machochwe. Mwalimu mkuu mpya wa shule yetu ndiye aliyenituma, mtu mwema, anamjua Mwalimu kwa sifa. Aliniambia kuna nafasi ya mwalimu wa sayansi kwetu na anamtaka arudi. Yule Katibu sasa amepanda cheo, yuko tarafani, na moyo wake umelainika. Hana neno, ila anahitaji kitu cha kufunga jambo lile. Mwalimu aandike mistari miwili tu, kwamba siku ile alikosea hesabu na anaomba radhi. Basi. Hata si lazima iwe ndefu.

Nilifurahi kama mtoto. Nilipanda lori mpaka Mugumu na kutoka hapo nikapata lifti ya trekta, njia nzima naimba. Nilimkuta amezeeka kuliko miaka iliyopita. Magoti yamevimba, anatembea akishika ukuta. Nyumba ya mwalimu ina ufa mkubwa wa kupitisha mkono, na shamba lake la mahindi tembo walikuwa wamelila usiku uliotangulia, wakaacha mabua matatu manne yamesimama kama yamesahauliwa. "Shikamoo mwalimu," nikamwambia. Akaitikia, akanishika mikono, akaigeuza akatazama viganja. Akaridhika. Hakuna sabuni huko, aliniambia, kwa kuwa watu wanachinja mara chache na mafuta yote wanapaka mwilini, na hawezi kuwalaumu kwa upepo ule.

Nikampa ujumbe. Nilimweleza nafasi, na nyumba ya mwalimu kwetu sasa ina bati lote, na migomba yake ipo, mama yangu anaitunza. Nikamweleza kuhusu mistari miwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana, kwa upole, kama mtu anayekataa chai ya pili.

Nilimbembeleza. Nilisema mambo yote mtu anayoweza kusema. Nilimtajia magoti. Nilimtajia tembo. Nilimwambia wakati umepita, kila mtu kijijini anajua ukweli, mistari miwili ya karatasi itakaa kwenye faili la tarafa na mende. Mwisho nikatoa nililokuwa nimelificha, kwa kuwa niliona ndilo litakalomshinda.

"Na Mama Wegesa amekwishafariki, Mwalimu. Hakuna atakayeumia."

Nikadhani nimempata. Habari ya msiba hakuwa ameisikia. Alitazama kule shambani, midomo ikicheza kidogo, halafu akajifuta uso kwa kiganja.

"Nikiandika nimekosea hesabu," akasema, "zile kilo ishirini na mbili zinarudi zilikokuwa. Zinarudi kichwani kwake. Angekuwa hai ningefikiria, Bhoke, angejitetea mwenyewe."

Mwalimu mkuu nimemwambia hivyohivyo, akatafute mtu mwingine wa sayansi.

Yeye alikuwa amekwisha kuinuka. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaokota ndoo. Akasema nisikae kama mgeni, mto uko mbali na tembo wanashuka kunywa jua likipungua, tuwahi sisi kwanza. Nikataka kumpokea ndoo. Akaniangalia kama nimemtukana, akaiweka kichwani, akatangulia na magoti yake yale, na ilibidi nikimbie kidogo ili nimfikie.